Sanamu hatutaki: kabla ya kusaini, tuonyesheni mkataba wa matunzo

Kamina, Haut-Lomami

Ndugu vijana wa Kamina, wa Dimayi na wa Sobongo, na ninyi watoto wa Haut-Lomami mnaotusoma kwa telefone kutoka Lubumbashi, Kolwezi ao Kinshasa,

Leo tunaongea juu ya kitu ambacho hakipigiwi fanfare. Hakina utepe wa kukata, hakina picha ya kuweka kwenye bango la kampeni. Ni karatasi tu. Ni ule mkataba unaosema: mashine ikiisha kusimamishwa barabarani, nani anaitunza, kwa makuta ya nani, ikikufa nani anakuja, anakuja kisha saa ngapi, na asipokuja anapoteza nini.

Msimamo wetu tunausema hapa mwanzoni, ili hata mwenye mega kidogo aupate. Jimbo ao mji wetu usisaini kununua mfumo wowote wa kuongoza magari, iwe taa, iwe roboti, iwe kamera, bila mkataba wa huduma uliosainiwa siku ileile, uliotangazwa mbele ya watu wote, na wenye namba zinazoweza kupimwa. Bila karatasi hiyo hatununui huduma. Tunanunua sanamu.

Kwa nini tuongee sasa?

Kuko watakaotucheka. Watasema: "Ninyi watoto, Kamina ni mji wa baiskeli na moto, barabara zenyewe zinalia, mnaongea taa na roboti?" Swali ni la haki, tunalijibu.

Kwanza, Kamina ya kesho si Kamina ya jana. Tangu 2015, Katanga ilipogawanywa, mji wetu ni makao makuu ya jimbo. RN1, ile barabara ya taifa inayotoka Banana kwenye bahari, ikapita Kinshasa, Kananga na Mbuji-Mayi na kushuka hadi upande wa Zambia, inapita kwetu pia. Siku itakapotengenezwa vizuri, malori ya Kasaï na ya Lualaba yatakutana hapa, katikati ya wamama wenye beseni kichwani, watoto wa shule na motari wenye abiria wawili nyuma. Siku hiyo mtu atakuja na valise na vitabu vya picha, na kila mashine ndani itang'aa.

Pili, raia ana nguvu kabla ya saini. Kisha saini anabaki na kilio tu. Tukingoja mpaka mashine ifike ndiyo tuulize nani ataitunza, tutajibiwa "mradi umekwisha, bajeti imefungwa". Swali la matunzo linaulizwa wakati muuzaji bado anataka kuuza. Hapo njo anasikia.

Tatu, somo hili si la taa za magari peke yake. Ni la pompe ya maji, la taa za sola za njiani, la mashine ya hospitali, la daraja. Ukijifunza kusoma mkataba mmoja wa huduma, umejifunza kusoma yote.

Kinshasa ilituonyesha kitu

Mwaka 2013 wakaaji wa Kinshasa waliona kitu ambacho waandishi wa dunia nzima walikuja kupiga picha: roboti kubwa za alumini, zenye urefu wa karibu metre 2 na nusu, zimesimama kwenye njia panda zikiongoza magari. Hazikutoka China wala Ulaya. Zilibuniwa na ingénieur wa kwetu, mama Thérèse Izay Kirongozi, pamoja na kundi lake la Women Technology. Machi 2015 zilizinduliwa zingine 3, zikapewa majina kama watu: Tamuke, Mwaluke na Kisanga. Bei iliyotangazwa wakati ule ilikuwa dola 27,500 kwa moja. Lubumbashi pia ilipata za kwake.

Sisi tunaisifu kazi ile, bila aibu. Roboti zile zinakula jua, hazingoji courant ya SNEL. Ziliundwa hapa inchini, kila waya ndani unajulikana hapa kwetu, hakuna haja ya kutuma barua ng'ambo. Na roboti haisimamishi motari kumuomba pesa ya sucré.

Lakini fungua kifua cha roboti uangalie ndani kuko nini. Kuko paneli ya sola, na kila mtu wa Kamina anajua vumbi ya kiangazi inafanya nini juu ya kioo. Kuko betri, na betri haiishi sawa na bati la nyumba. Kisha miaka michache inachoka, na joto inaichosha zaidi. Kuko moteur ya kuizungusha. Kuko taa nyekundu na za kijani kwenye mikono na kifua. Kuko kamera, na picha inatumwa mbali kwa mtandao. Kila kimoja kina umri wake, na hakuna kinachokufa siku moja na mwenzake.

Basi dola 27,500 zinanunua siku ya kwanza. Siku ya 1,000 inanunuliwa na nini? Hilo njo swali. Na si swali la kumtupia mwenye kuunda. Aliyeunda ameisha kufanya kazi yake. Ni swali la kumtupia mwenye kununua: serikali, jimbo, mji.

Tena tusidhani ni shida ya Waafrika. Taa ya kwanza ya kuongoza magari duniani ilisimamishwa London, karibu na Bunge la Uingereza, Desemba 1868. Ilikuwa inawaka kwa gesi. Januari 1869, kisha wiki chache tu, gesi ilivuja, taa ikalipuka, ikamjeruhi polisi aliyekuwa anaiongoza. Wazo lilikuwa zuri, na bado ni zuri hadi leo. Kilichoshinda ni kuilinda na kuitunza. London ilikaa zaidi ya miaka 50 kabla ya kurudisha taa za namna hiyo.

Asilimia inayodanganya

Sasa tuingie ndani ya mkataba. Kila muuzaji wa mfumo wa barabara atakuja na neno moja tamu: "Mfumo wetu unapatikana kwa asilimia 99." Makofi. Ngoja kwanza, tuhesabu pamoja.

Mwaka una saa 8,760. Asilimia 99 maana yake mfumo unaruhusiwa kufa saa 87 na nusu hivi, ni kusema siku 3 na zaidi ya nusu. Si mbaya. Asilimia 95, ambayo kwenye masomo tungeipigia makofi, maana yake siku 18 za giza kwa mwaka. Asilimia 90 ni siku 36 na nusu: zaidi ya mwezi mzima. Na asilimia 99.9 ni chini ya saa 9 kwa mwaka wote. Angalia: kati ya 99 na 99.9 namba inaonekana ndogo, lakini kazi yake ni mara 10, na bei yake pia inapanda. Kwa hiyo tusiombe namba kubwa kwa sababu ya sifa. Tuombe namba ambayo tunaweza kuilipia na kuipima kila mwezi.

Lakini udanganyifu mkubwa hauko kwenye namba. Uko kwenye namna ya kuhesabu. Kuko njia 3 za kuiba, na zote zinafanyika kwa kalamu, bila kuvunja kufuli.

Njia ya kwanza ni kuchanganya yote. Tufanye mfano: mji una njia panda 10 zenye taa. Tisa zinawaka mwaka mzima, moja imekufa mwaka mzima. Kwenye ripoti itaandikwa "asilimia 90". Kwa mama anayeuza sombe kwenye ile njia panda moja, ni sifuri. Na mara nyingi ile inayosahauliwa si ya karibu na ofisi ya gavana. Ni ya cité. Kwa hiyo mkataba useme: tunapima kila njia panda peke yake.

Njia ya pili ni kuhesabu usiku. Tuseme saa za fujo kwetu ni mbili asubuhi na mbili jioni, saa 4 kwa siku. Kwa mwaka ni saa 1,460. Mashine inaweza kufa kila siku katika saa hizo zote 4, ifanye kazi vizuri wakati barabara iko tupu, na ripoti bado itaandika asilimia 83. Kwa hiyo mkataba useme: saa za watu wengi zinahesabiwa peke yake, na zina uzito zaidi.

Njia ya tatu ni kuchezea neno "kufanya kazi". Taa inayowaka si lazima iwe taa inayofanya kazi. Ukifika Nairobi, mara nyingi utakuta taa zinabadilika vizuri, kijani, njano, nyekundu, na chini yake polisi anaongoza magari kwa mkono, na dereva anamuangalia polisi, haangalii taa. Mashine ile iko hai, lakini haiko kazini. Kwa hiyo mkataba useme wazi: inafanya kazi maana yake nini, nani anaruhusiwa kuizima ao kuipita, na akifanya hivyo anaandika wapi, saa ngapi na kwa sababu gani.

Kufika na kutengeneza ni vitu viwili

Jambo lingine ambalo wanasheria wa makampuni wanalipenda: "Tutajibu ndani ya saa 4." Soma vizuri. Kujibu si kutengeneza. Mtu anaweza kujibu telefone ndani ya dakika 5 na kufika kisha miezi 5. Mkataba wa haki una saa mbili tofauti: saa ya kufika na saa ya kumaliza kazi. Yote mawili yawe na adhabu.

Kwetu hapa neno hilo lina uzito kuliko mahali pengine. Kati yetu na Lubumbashi kuko mamia ya kilomita za reli na za barabara ambayo mvua ikinyesha inakuwa mto. Fundi akitoka kule, na betri ikitoka kule, hakuna saa 4 wala saa 24. Kuko wiki. Ni kusema mkataba wowote wa Kamina usiokuwa na depot ya vipuri hapa Kamina na fundi anayelala hapa Kamina ni mkataba wa uongo, hata kama umeandikwa kwa Kifaransa kizuri.

Na fundi huyo atoke wapi? Atoke hapa. Kuko vijana wa shule za ufundi na wa Chuo Kikuu cha Kamina ambao leo wanatengeneza telefone na télévision chini ya parasol. Mtu anayefufua carte ya télévision kwa fer à souder moja anaweza kufundishwa kubadilisha betri, régulateur na taa ya roboti. Mkataba uandike: miezi ya kwanza, kampuni inafundisha watu wa hapa, inawapa plan za mashine, inawapa code za kuingia ndani ya mfumo. Juu kuko utumwa wa namna mpya: kampuni inaondoka na neno la siri, na mji unabaki na mashine ambayo hakuna mtu anaruhusiwa kuifungua.

Reli ilitufundisha, tusisahau

Mtu asiseme hatujui mifumo. Kamina ni mtoto wa reli. Njia ya Bukama hadi Ilebo iliisha mwaka 1928. Ile ya kwenda Kabalo ilifunguliwa 1956. Waya za umeme za treni zilifika hadi kwetu wakati vijiji vingi vya Ulaya bado vilikuwa vinasikia moshi wa makaa ya mawe. Babu zetu walikuwa mafundi, wa-aiguilleur, wa-chef de gare. Walijua sheria moja ambayo mifumo ya barabara inapaswa kuisikia: ishara ikikufa, inahesabiwa kuwa "simama". Haihesabiwi kuwa "pita".

Sheria hiyo iingie kwenye mkataba wetu. Si kila kufa ni sawa. Taa zote zikizimika, madereva wanaona giza na wanajihadhari. Lakini taa nyekundu peke yake ikiungua, upande mmoja hauoni kitu cha kuusimamisha. Na mashine ikikosea ikatoa kijani kwa pande mbili kwa mara moja, hapo njo watu wanakufa. Kwa hiyo mkataba upange daraja za kufa: hatari ya maisha inatengenezwa ao inazimwa leo-leo na polisi wa roulage anasimama pale, kasoro ndogo inaweza kungoja siku chache. Na mashine yenyewe iundwe hivi: ikijiona mgonjwa, iwashe njano ya kupepesa, isiendelee kudanganya watu.

Reli ilitufundisha pia upande mwingine wa hadithi. Aprili 2014, treni ya mizigo iliyobeba pia watu iliacha njia Katongola, si mbali na kwetu, na makumi ya ndugu zetu walikufa. Kila ajali ina sababu zake, na si kazi ya tangazo hili kuzihukumu. Lakini kila mtu aliyepanda treni ya SNCC anajua umri wa reli ile, anajua mwendo wa treni, anajua siku ngapi unaweza kukaa gare ukingoja. Njia ile ilijengwa na watu waliopiga kazi na wengine kufa kwa kazi hiyo. Iliyokosekana miaka mingi si akili ya kujenga. Ni makuta na nidhamu ya kutunza. Tusirudie hadithi hiyo barabarani kwa mashine mpya.

Tayari tunalipa

Watatuambia: "Hakuna pesa ya matunzo." Tunauliza: ya kwetu iko wapi?

Tangu sheria ya Julai 2008, inchi yetu iko na FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara. Makuta yake yanatoka kwenye mafuta na kwenye péage. Ni kusema kila motari wa Kamina anayenunua litre ya essence, hata kwa kadhafi wa kando ya njia, sehemu ya ile bei ilikwisha kukatwa juu ya matunzo ya barabara kabla ya mafuta kufika kwenye bidon. Tunalipa kila asubuhi. Hatuombi zawadi. Tunaomba hesabu.

Na kuna somo lingine juu ya namna ya kulipa kampuni. Juni 2025, serikali ya Uganda ilianzisha faini za barabarani zinazotolewa na kamera zenyewe, bila polisi. Wananchi walilia juu ya faini na viwango vyake, na mwezi uleule serikali ikasimamisha. Sisi tunachukua hekima moja: mkataba ukimlipa mtu kwa faini, atakuletea faini. Ukimlipa kwa saa ambazo mfumo ulifanya kazi, atakuletea saa za kazi. Kampuni yoyote itakayokuja Haut-Lomami ilipwe kwa saa za kazi, mwezi kwa mwezi. Mwezi mfumo umekufa, malipo yanakatwa. Mwezi umezidi namba iliyoahidiwa, inapata kidogo juu.

Tuwe wa haki pia: mkataba unafunga pande mbili. Serikali isipolipa fundi miezi 6, fundi ataenda kutafuta maisha, na hatutamlaumu. Kwa hiyo makuta ya matunzo ya mwaka yawekwe kwenye konti ya peke yake, hayachanganywe na safari za ma-ministre, na mkataba useme: serikali ikichelewa kulipa, nayo inapata adhabu. Kampuni za kweli hazikimbii adhabu ya namna hiyo. Zinakimbia mteja asiyelipa.

Anayekula kwenye fujo

Tuseme na neno chungu. Barabara ikiwa fujo, kuko anayekula. Njia panda isiyo na sheria ni soko: hapa motari anasimamishwa, hapa anatafutwa kosa, hapa anaacha makuta. Mashine nzima inafunga soko hilo. Mashine iliyokufa inalifungua tena.

Hatusemi kila papa wa roulage ni mwizi. Wengi wanasimama juani siku nzima kwa mshahara ambao hatuwezi kuwaonea wivu, na bila wao mji ungekwama. Tunasema tu kwamba anayepata faida mashine ikikufa asiwe yeye mwenye kuandika kama mashine imekufa. Na anayelipwa mashine ikiwa hai asiwe yeye mwenye kuandika kama iko hai. Kipimo kiwe na mikono mitatu: kitabu cha mashine yenyewe, ofisi ya mji, na raia. Vitabu vitatu vikipishana, malipo yangoje mpaka ukweli ujulikane.

Tunachodai

Kwa gavana wa jimbo, kwa wabunge wa jimbo, kwa meya wa Kamina, tunadai mambo 7:

1. Hakuna saini ya kununua bila saini ya matunzo, kwa miaka isiyopungua 5, karatasi zote mbili siku moja.
2. Bei itangazwe kwa umri mzima wa mashine: kununua, betri, vipuri, fundi, mtandao. Si bei ya siku ya kwanza peke yake.
3. Asilimia ya kufanya kazi ipimwe kwa kila njia panda, na saa za watu wengi zihesabiwe peke yake.
4. Saa ya kufika na saa ya kumaliza ziandikwe mbalimbali, kwa kufuata daraja la hatari.
5. Depot ya vipuri na mafundi wawe Kamina, na vijana wa hapa wafundishwe. Plan na code za mfumo ziwe mali ya mji.
6. Kila mwezi ripoti ya ukurasa mmoja ibandikwe kwenye mairie na isomwe kwenye radio, kwa Kiswahili na Kiluba: njia panda gani, ilikufa mara ngapi, saa ngapi, nani alitengeneza, makuta gani yalikatwa.
7. Mkataba wenyewe utangazwe. Tangu amri ya Mei 2011, mikataba ya mali ya udongo inapaswa kutangazwa kwa watu. Kama mkataba wa kuivre unaweza kusomwa na raia, mkataba wa taa ya barabarani una siri gani?

Sheria ya 2010 ya masoko ya umma inasema ununuzi wa serikali ufanyike kwa uwazi na kwa mashindano. Hatuleti sheria mpya. Tunaomba ile iliyoko iheshimiwe.

Kazi ya kila mmoja wetu

Ndugu, usisome na kupiga "j'aime" tu halafu kulala. Katiba yetu, kifungu cha 27, inampa kila Mkongomani haki ya kupeleka pétition kwa mwenye mamlaka, peke yake ao pamoja na wengine, na mwenye mamlaka anapaswa kujibu ndani ya miezi 3. Kifungu cha 24 kinatupa haki ya kupata habari. Hizo si huruma ya mtu. Ni deni lao kwetu.

Kwa hiyo tunatayarisha pétition yenye mambo yale 7. Chukua karatasi, zunguka kwenye parking ya motari, kwenye soko, kwenye auditoire, kanisani kisha misa. Usimlazimishe mtu. Mueleze kwanza, akielewa njo asaini. Motari mmoja aliyeelewa ana faida kuliko saini 20 za watu waliosukumwa.

Jifunze kuandika, tangu sasa, hata kabla mashine haijafika. Taa ya sola ya njiani kwenu haiwaki? Andika mahali, siku uliyoona imekufa, siku uliyoona imefufuka. Usiweke hasira ndani, weka tarehe. Hasira wataizoea, tarehe hawawezi kuikana. Kisha miezi 3 kitabu chako kitakuwa na nguvu kuliko mégaphone.

Na neno la mwisho ni kwetu wenyewe. Paneli inayoibwa usiku inaibwa na mtu anayeishi kati yetu, na anainunua mtu tunayemjua. Hakuna mkataba duniani unaoweza kuilinda mashine dhidi ya mtaa wake wenyewe. Tukidai serikali itunze, na sisi tulinde. Ukiona mtu anapanda nguzo saa 2 ya usiku wa manane bila gilet ya kazi, usigeuze uso.

Karibu, mashine. Karibu, roboti za watoto wa Kongo. Karibu, taa na kamera, kama zitaokoa mtoto mmoja anayevuka kwenda shule. Lakini mje na karatasi yenu mkononi, tuisome pamoja mchana, kwa sauti, kwa lugha tunayoelewa. Sanamu tunazo za kutosha.

Vijana raia wa Kamina. Bila fujo, bila woga.